Njia ya mbele ya geti lako ni ya nani mvua ikishakata?

Wadau habari za siku nyingi. Leo nina jambo linanikera kwelikweli na nimeamua niliandike lote. Ile njia ya miguu inayopita nje ya ukuta wako, pale kati ya geti na mtaro, ikijaa tope mpaka watu wanateleza, nani anatakiwa kuisafisha? Nimeuliza sana hapa mtaani kwetu Dodoma. Wapangaji wanasema ni kazi ya mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema ni jiji, ukienda kuuliza jiji unaambiwa barabara za mitaa ni za TARURA, ule wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, mwenye fremu anasema yeye kapanga fremu hajapanga njia, na muda wote huo kina mama wanapita wamekunja vitenge mpaka magotini, mkono mmoja wameshika ukuta wa mtu, mwingine wameshika mtoto.

Najua kuna watakaosema Dodoma na tope wapi na wapi, Dodoma si vumbi na upepo. Ni kweli, sehemu kubwa ya mwaka vumbi ndo letu. Mvua zetu ni chache, kwa wastani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, zinaanza Desemba kama sio mwishoni mwa Novemba, zikifika Aprili zimekata mpaka msimu mwingine. Lakini hizo hizo chache zinashuka kwa fujo, na ardhi imeshakauka miezi saba haiwahi kuyanywa maji, kwahiyo yanapita juujuu yamebeba mchanga na udongo wa kutoka vilimani na kwenye makorongo, yanakatiza mitaani, na yakifika sehemu ya tambarare yakapunguza kasi yanautua ule mzigo wote hapo hapo, yaani njiani, mbele ya geti. Penye udongo mwekundu wa kichanga kuna nafuu, jua likitoka kufika jioni pamekauka. Penye mbuga, ule udongo mweusi, hapo ni habari nyingine kabisa, unanata kwenye ndala mpaka ndala inabaki nyuma mguu umeshasonga, na chini ya ule uji wa juu kuna tabaka gumu lenye unyevu, hilo ndo linaloangusha watu.

Sasa kilichonifanya nilitazame hili jambo kwa upana ni mdogo wangu wa kike, yuko Ujerumani anasomea uuguzi. Kipindi cha baridi kilichopita nampigia alfajiri ya kwao nikijua ndo anajiandaa kwenda hospitali, anapokea anahema, nasikia kitu kinakwaruza sakafu. Ananambia, "Shikamoo kaka, subiri kidogo naweka simu mfukoni, leo zamu yetu kutoa theluji, saa moja isinikute." Nikamuuliza, we si mpangaji, unafagiaje njia ya serikali? Akasema kaka iko kwenye mkataba wa pango, ikifika zamu yako unashuka na koleo, unasafisha upana wa watu wawili kupishana, halafu unamwaga vikokoto vidogo vidogo ili mtu asiteleze, ukimaliza ndo unaenda kuoga.

Nikaanza kusoma kuhusu haya mambo na kumuuliza kila nikimpigia, na nimejifunza vitu ambavyo naona vinatuhusu kabisa japo sisi barafu tunaijua ya kwenye friji na ya kule juu Kilimanjaro. Ujerumani kwa asili jukumu la njia ni la halmashauri, ila karibu kila mji umelisogeza kwa wenye nyumba kwa sheria ndogo zao, na sheria hizo zinataja saa, kwa kawaida kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku njia iwe inapitika, Jumapili na sikukuu wanaruhusu kuanza kwa kuchelewa kidogo. Mwenye nyumba anaweza kulisogeza tena kwa wapangaji wake akiandika kwenye mkataba, lakini hapo hajatoka salama moja kwa moja, lazima aendelee kuhakikisha kweli inafanyika, maana mpita njia akianguka akavunjika anaweza kumdai fidia. Na sio kwamba unamwaga chochote unachotaka, Berlin kwa mfano mwenye nyumba haruhusiwi kumwaga chumvi kwenye njia kwasababu inaua miti, anatakiwa atumie mchanga au kokoto.

Chicago nako ni mwenye nyumba au mwenye biashara. Theluji ikikatika mchana anatakiwa aiondoe haraka, ikianguka usiku mwisho wake ni saa nne asubuhi, na upana umetajwa, futi tano, ili mtu mwenye kiti cha magurudumu au mama mwenye kigari cha mtoto apite. Montreal wao wameamua tofauti, mji wenyewe unapeleka vimashine vidogo vinavyopita juu ya njia za miguu, na Toronto nako tangu msimu wa 2021 mji umechukua hiyo kazi karibu kwenye njia zote, wakati zamani maeneo ya katikati ya mji kila mtu alisafisha mbele ya kwake.

Uingereza ndo kulinishangaza. Kule mwenye nyumba halazimishwi na sheria yoyote kutoa theluji kwenye njia ya mbele ya kwake. Kuna kesi ilifika mpaka House of Lords, wakati ule ndo ilikuwa mahakama yao ya juu kabisa, mwaka 2000, mtu gari lake liliteleza kwenye barafu barabarani akaumia vibaya, majaji wakasema sheria ya kutunza barabara jinsi ilivyoandikwa wakati ule haikuwa inamfunga mwenye barabara kuondoa barafu. Baada ya hapo mwaka 2003 bunge likaongeza kifungu kwenye sheria yao ya barabara ya 1980 kwamba mamlaka ya barabara lazima ihakikishe, kadri inavyowezekana, theluji na barafu havihatarishi wapitaji. Na kulikuwa na woga mwingine, watu waliamini kwamba ukisafisha mbele ya kwako halafu mtu akaanguka hapo utashtakiwa wewe uliyejitolea, bora uache. Serikali ikabidi itoe maelekezo kwa raia: hakuna sheria inayokukataza kusafisha, na ukisafisha kwa uangalifu sio rahisi ushtakiwe, ila usimwage maji ya moto maana yataganda tena yawe kioo ambacho mtu hakioni, mwaga chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa kila mita moja ya mraba inatosha.

Ukiziangalia hizi nchi, majibu yao hayafanani. Huku mpangaji, kule mwenye nyumba, kwingine mji. Ila karibu zote jina limeshatajwa, na nyingine zimetaja mpaka saa na upana. Hicho ndo tunachokikosa sisi. Sheria ndogo za usafi tunazo, kila mtu anajua anatakiwa afanye usafi kuzunguka eneo lake, lakini usafi tunaouelewa ni takataka, majani na makopo. Tope halipo kwenye vichwa vyetu kama uchafu, tunaliona ni hali ya hewa.

Mtaniambia kuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ipo na mi natoka na fagio langu, naipenda, toka ile 9 Desemba 2015 rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru tukafanya usafi nchi nzima hii tabia ya kutoka pamoja imekaa vizuri. Lakini tope halisubiri Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mvua ikinyesha tarehe tatu utakaa nalo wiki tatu? Na hapa ndo nataka nieleze kitu ambacho mdogo wangu alinielewesha, kwamba theluji ikiwa mbichi unaiondoa kwa muda mfupi tu tena haina uzito, ikishakanyagwa na watu inashindiliwa, mchana inayeyuka kidogo, usiku inaganda, hapo inakuwa barafu na koleo halifui dafu, ndo maana ule msisitizo wote wa saa moja asubuhi. Tope la mbuga nalo lina saa zake. Mvua ikikata tu, wakati lingali uji, ukilivuta kwa beleshi linakuja lote, unaona mpaka ardhi ngumu ya chini. Ukiliacha bodaboda zikapita na bajaji ikageuzia hapo, linachorwa mifereji, jua linalikausha linakuwa na kingo kali kama matofali, wazee wanajikwaa, halafu mvua ya pili ikija ile mifereji inashika maji na mtu haoni kina chake. Kwahiyo muda muafaka ni mfupi, ni asubuhi ile ile au jioni ile ile mvua iliponyesha.

Na kuna hili la tailizi. Hili nalisema kwa uchungu. Siku hizi fremu mpya zinazojengwa pembeni ya barabara, fundi anamaliza kibaraza kwa tailizi zile zile za sebuleni, zinang'aa, zinapendeza kwenye picha, na kibaraza kimetoka mbele mpaka kimemeza njia ya miguu yote, huna pa kupita isipokuwa juu yake au ushuke barabarani ugombanie na bajaji. Kikiwa kikavu hakuna shida. Mvua ikinyesha, watu wanapanda na viatu vyenye tope, tope linasambaa na maji juu ya tailizi linakuwa tando jembamba hivi la rangi ya chai, huwezi kuliona mpaka uwe umeshakanyaga. Mama yangu mdogo alikuja kututembelea kutoka Mpwapwa mwezi wa pili, mama wa watu anatembea taratibu na kikapu chake, kaweka mguu kwenye kibaraza cha namna hiyo, mguu ukaenda mbele yeye akaenda nyuma, akajikinga kwa mkono. Kavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Akafungwa hogo wiki sita, mama anayejitegemea kwa kufinyanga na kulima, wiki sita analishwa na kuogeshwa.

Nilirudi kwa mwenye fremu, sio kwa ugomvi. Ni kijana tu, heshima yake anayo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mama ameanguka hapa kwako jana." Akasema, "Dah pole sana kaka, na sio yeye tu, wanateleza sana hapa, mpaka nimezoea." Nikamuuliza sasa kwanini usitandike hata magunia, akanambia kibaraza ni cha mwenye jengo na yeye mkataba wake unaanzia mlangoni. Nikampigia mwenye jengo, mzee wa watu mstaarabu, shikamoo marahaba, akasema mwanangu mimi niko Dar, pale nimewaachia wapangaji. Wote wawili walinijibu kwa adabu na wote wawili walikuwa wanaongea kweli kwa upande wao, na kibaraza kikabaki vile vile. Ndo maana nasema tatizo halipo kwenye roho za watu, hakuna aliyetajwa.

Kwahiyo mimi kama ningeulizwa ningependekeza hivi. Kwenye fremu na majengo ya biashara awe ni mwenye jengo, asikwepe kwa kisingizio yuko mbali, na akitaka kumuachia mpangaji aandike kwenye mkataba kabisa kama wanavyofanya Wajerumani, na bado akaguliwe yeye. Kibaraza chochote kinachopitiwa na watu kisiwekwe tailizi za kung'aa, fundi anajua kabisa kuna zile za kukwaruza na kuna sakafu ya saruji iliyochorwachorwa kwa fagio kabla haijakauka, hiyo ni bei rahisi kuliko tailizi na haitelezi. Kwa waliokwisha kuweka, mvua ikinyesha wamwage mchanga wa mto au watandike magunia, mchanga Dodoma hatujawahi kuukosa.

Kwenye nyumba za kuishi, awe ni anayeishi humo. Hapa najua nitapigwa mawe. Wapangaji mtasema kodi ya majengo tunakatwa sisi kwenye Luku, toka 2021 kila tukinunua umeme inakatwa, halafu tena na tope tuvute? Hoja hii naiheshimu, kodi kweli inakatwa kwa anayenunua umeme na mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji. Lakini hiyo kodi ndo tuidai kwenye mitaro na barabara kubwa, kule ambako beleshi la mtu mmoja haliwezi kitu. Mita nne za mbele ya geti ukisubiri zije zipangiwe bajeti, mvua tatu zimeshapita. Jiji hili lilikuwa na watu zaidi ya 410,000 kwenye sensa ya 2012, sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000, serikali imehamia, mitaa inafunguliwa kila siku kutoka Nzuguni mpaka Nala, nyumba zinatangulia mtaro unakuja baadae sana kama unakuja. Hakuna halmashauri itakayofika kila geti asubuhi baada ya mvua.

Halafu tope lenyewe linapelekwa wapi? Hili watu hawalifikirii kabisa. Mtu anajitahidi anavuta tope lote la mbele ya kwake, vizuri, halafu analisukumia mtaroni. Mtaro unaziba, mvua inayofuata maji yanapanda yanarudi njiani na lile tope lake pamoja na la jirani. Au inakuwa kinyume, vijana wanalipwa kuzibua mtaro, wanalitoa tope wanalipanga pembeni juu ya njia ya miguu, toroli la kulibeba halipo, linakaa hapo mpaka mvua inalirudisha lilikotoka. Kule Chicago wamekataza kabisa kusukumia theluji barabarani au kwenye vituo vya basi, unailundika ndani ya eneo lako au sehemu isiyozuia wapitaji. Sisi tuna uzuri kwamba udongo una kazi, unajaza mashimo, unanyanyua bustani, unapandia miti, ule wa juu uliobebwa na maji una rutuba, mama mmoja jirani yetu anaukusanya kwenye viroba vya simenti anapandia mchicha. Kwahiyo ulivute ndani, usiupeleke mtaroni.

Na wale waliotoboa ukuta wakaingiza bomba la kutoa maji ya uani yamwagike moja kwa moja njiani, tafadhali. Hayo sio maji ya mvua peke yake, ni ya kufulia na kuogea pia, yanatiririka mwaka mzima hata kiangazi, yanaotesha ule utelezi wa kijani kwenye saruji, na utelezi ule unaangusha mtu hata jua likiwa linawaka. Hapo sheria mpya haihitajiki, mwenyekiti wa mtaa anatosha.

Kuna wasioweza. Bibi anayeishi na wajukuu wadogo, mtu mwenye ulemavu, mama aliyejifungua. Chicago wana mpango wa watu wa kujitolea wanaokwenda kutoa theluji kwa wazee na walemavu, mzee anapiga simu mjini anaunganishwa na mtu. Sisi simu hatuhitaji, mtaani tunajuana, mtendaji na mjumbe wanajua kila nyumba kuna nani. Vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu niliongea nao, mvua ikinyesha wenyewe hawana abiria kwa muda, wakasema kaka tukipata mabeleshi mawili ya mtaa na chai sisi tutavuta kwa hao wazee. Mabeleshi mawili mtaa mzima hauwezi kushindwa kuchanga, na nitaliwasilisha kwenye mkutano wa mtaa kabla Desemba haijafika, nimeshamwambia mwenyekiti aliweke kwenye ajenda.

Kitu ambacho bado kinabishaniwa ni vichochoro, zile njia zinazopita kati ya ukuta na ukuta, hazina geti la mtu yeyote upande wowote, na ndo watoto wa shule wanapita asubuhi. Kwetu kuna kimoja kirefu kinatokea kwenye kalavati. Mi na jirani tunaopakana nacho tumekubaliana yeye anachukua kutoka juu mpaka kwenye mwarobaini, mimi kutoka mwarobaini mpaka kalavati, mvua ikikata kila mtu anatoka na beleshi lake kabla ya watoto hawajapita, na kama mmoja amesafiri anamwambia mwenzake siku moja kabla. Mwenyekiti amesema kama wengine watakubali ataandika mgawanyo wa vichochoro vyote vya mtaa kwenye karatasi aubandike ofisini kwake, kila kipande na jina la nyumba.